Kipupwe na watoto: tuwapeleke Lushoto au Njombe?

Kila ikifika mwisho wa mwezi wa tano nyumbani kwetu linaanza swali lile lile, shule zinafungwa, watoto wako nyumbani karibu mwezi mzima, Dar kumepoa, kusi inavuma, na sisi tunataka tuwatoe wakaonje baridi yenyewe kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa saba. Mama yangu mimi ni Msambaa wa Lushoto, mume wangu ni Mbena wa Njombe, kwahiyo tangu tupate mtoto wa kwanza miaka tisa iliyopita tumekwenda kote, mwaka huku mwaka kule, na kuna mwaka tulibaki tu Dar kwasababu hela haikuwepo. Watu wananiuliza sana, hasa wenye watoto wadogo, twende wapi? Na naona wengi wanachagua kwa picha, mtu kaona ukungu na majani mabichi kwenye simu ya mwenzie basi anafunga begi, alafu akifika mtoto analia usiku kucha. Ndo maana nimeona niandike yote ninayoyajua ya pande zote mbili.

Kwanza hizo baridi mbili hazifanani kabisa. Sisi wa Dar tukisema baridi tunasemea ile ya alfajiri ya mwezi wa saba unapovuta shuka, digrii 19 au 20 hivi. Mji wa Lushoto uko kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari, Njombe inakaribia mita 2,000, na hiyo tofauti ya mita 600 utaisikia mifupani. Baridi ya Lushoto ni ya unyevu, unaamka ukungu umekaa mpaka mlangoni, kuna manyunyu mepesi ambayo huwezi kusema ni mvua lakini nusu saa ukiwa nje sweta limelowa, jua linatoka saa nne au saa tano, watoto wanacheza, jioni ukungu unarudi tena. Ukifua nguo leo keshokutwa bado mbichi. Nilikwenda mwaka mmoja na mtoto wa miezi minane nikiwa nimebeba nepi za kitambaa kumi na mbili, siku ya tatu sina hata moja kavu, shangazi akawa ananisaidia kuzipiga pasi moja moja, ile ya mkaa, mpaka usiku. Kwahiyo mwenye mtoto wa nepi akienda Lushoto kipupwe abebe nyingi au anunue zile za kutupa, hapo sioni njia nyingine.

Njombe ni kukavu. Mchana anga linakuwa bluu tupu, jua linawaka mpaka mashavu ya watoto yanapasuka, unaweza kukaa nje na fulana tu saa nane ukajiuliza baridi gani wanayoisema watu. Jua likizama hapo ndo unatafuta koti huku unakimbia. Usiku mawingu hayapo, joto lote ardhi iliyokusanya mchana linapanda juu linapotea, na upepo ukitulia asubuhi unakuta sakitu.

Hii sakitu lazima niielezee kwasababu ndo kitu ambacho Lushoto mjini hutakipata. Kijana wangu wa pili alikuwa na miaka sita, akaamka na bibi yake saa kumi na mbili kwenda kufungulia kuku, mimi bado nipo chini ya mablanketi matatu nasikia anapiga kelele bustanini, "Mama, nani kamwaga chumvi?" Nikatoka. Majani yote yalikuwa meupe, kabichi zimekaa kama zimenyunyiziwa unga laini, na kila jani pembeni lina vipande vidogo vidogo vya barafu vimesimama kama nywele. Ukikanyaga nyasi zinalia kwa kuvunjika. Akachuma jani moja akalishika, likayeyuka mkononi akabaki na maji, akachuma jingine, jingine tena, pumzi inamtoka kama moshi na yeye anaipuliza kwa makusudi. Mpaka saa mbili jua lilipofika bustanini weupe wote ukawa umeisha. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kona ya viazi hasemi kitu, na kesho yake tulielewa, maana majani ya viazi yote upande wa bondeni yalikuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Sakitu inaunguza. Baridi inatelemka inakaa bondeni, viazi vya juu mteremkoni vilipona. Mtoto aliniuliza kama ni kosa lake kuchuma yale majani, nikamwambia hapana baba, na mchana wote alishinda na bibi yake wanakata yaliyoungua. Hilo somo hakulipata darasani na mpaka leo akisikia baridi imekuwa kali anampigia bibi kuuliza viazi vipo.

Sasa safari, na hapa ndo familia nyingi zinapaswa kuamulia kabla ya kitu kingine chochote. Dar mpaka Lushoto ni kama kilomita 350, Dar mpaka Njombe ni kama kilomita 700, yaani mara mbili. Gari letu dogo linakula lita moja kwa kilomita 13 hivi, kwahiyo Lushoto ni kama lita 27 kwenda na Njombe ni kama lita 54, zidisha mara mbili kwa kurudi, hesabu unaipata mwenyewe kwa bei ya mafuta ya wiki hiyo. Kwa basi nauli nayo inafuata umbali. Ila hela sio tatizo lote, tatizo ni masaa. Lushoto ukitoka saa kumi na moja alfajiri, unapita Chalinze, unanunua machungwa pale Michungwani, Segera, Korogwe, saa tano uko Mombo unakula, na mchana umefika. Njombe ukitoka muda huo huo unafika jua linazama, na hiyo ni kama Kitonga haijafunga na lori, maana lori moja likiharibikia kwenye ule mlima mnakaa hapo mpaka litolewe.

Lakini njia ya Njombe ina mambo yake na watoto wa shule ya msingi wanaipenda. Barabara inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, unaona swala, twiga, nyani, ukibahatika tembo wapo kabisa pembeni, na hujalipa kiingilio. Muendeshe taratibu hapo, kuna alama za spidi na matuta, na wanyama wanakatiza muda wowote. Alafu Ilula vitunguu na nyanya vimepangwa barabarani, Mafinga misitu ya misonobari ya Sao Hill, kila kilomita mia hali ya hewa inabadilika na watoto wanavaa kidogo kidogo, fulana mpaka Morogoro, sweta Iringa, Makambako koti. Binti yangu anaiita safari ya kuvaa.

Njia ya Lushoto taabu yake iko mwisho. Zile kilomita 33 kutoka Mombo kupanda ni kona juu ya kona, korongo upande mmoja mwamba upande mwingine, na mtoto anayetapika atatapika hapo. Usimlishe chipsi na soda Mombo ukamuingiza kwenye kona, mpe kitu kikavu kidogo, tangawizi ya kutafuna kwa mkubwa, akae mbele aangalie barabara asiangalie simu. Zamani tulikuwa tunabeba mifuko ya rambo kwa kazi hiyo, tangu 2019 imepigwa marufuku, sisi sa hivi tunabeba kopo la plastiki lenye mfuniko na kitambaa cha maji. Mkifika Soni msimame, mnyooshe miguu, maporomoko yako pale pale karibu na barabara, watoto wanapumua na tumbo linatulia kabla ya kumalizia kipande cha mwisho.

Nikiulizwa watoto wanafanya nini siku nzima, hapa naisifia Lushoto bila kuficha. Kila kitu kiko karibu. Irente ni kilomita kama tano sita kutoka mjini, wanaoweza kutembea wanatembea, njiani wanakuta mahindi, migomba, watu wanasalimia, alafu ghafla ardhi inaisha, unasimama juu ya jabali unaona tambarare ya Mazinde kule chini karibu mita elfu moja, magari ya barabara kuu yanaonekana kama sisimizi. Tafadhali mtoto mshike mkono pale, usimwachie hata kwa ajili ya picha, na ukungu ukiwa umefunga msiende ukingoni kabisa. Mkirudi pitieni shamba la Irente wanauza jibini, mkate mweusi na jamu wanazotengeneza wenyewe, mnakaa kwenye nyasi mnakula. Kuna msitu wa Magamba nao, unaingia na mwongozaji, mbega wanaruka juu ya miti, na kwa mtoto anayependa wadudu na mijusi hakuna sehemu kama milima hii ya Usambara, kuna vinyonga mpaka wenye pembe mbili puani. Hata yale maua madogo ya zambarau ambayo Wazungu wanayaweka kwenye vikopo madirishani asili yake ni milima hii na ya jirani. Mjomba wangu akiwaonyesha watoto kinyonga anawaambia msimshike mwangalieni tu anavyogeuza macho, na wanaweza kukaa hapo saa zima.

Kitu kimoja cha Lushoto watu wanadanganyika, matunda. Mtu anasikia mapeasi na maplamu ya Lushoto anakwenda mwezi wa sita anayatafuta sokoni. Hayo ni ya mwanzo wa mwaka wakati wa joto. Mwezi wa sita mnapata mboga, karoti, kabichi, hoho, njegere, mnavu, na ni nzuri na rahisi, ila mtoto usimuahidi peasi.

Na Njombe nayo ina ya kwake ya kudanganya, Kitulo. Hifadhi ya Kitulo kweli ni Bustani ya Mungu kama wanavyoiita, zaidi ya aina 40 za okidi, lakini maua yanatoka wakati wa mvua, kuanzia kama mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne. Ukienda mwezi wa saba unakuta nyasi za kahawia na upepo unaokata masikio, mtu mzima anayependa kutembea atafurahi, mtoto wa miaka minne atataka kurudi kwenye gari. Mwaka wa kwanza hatukujua, tuliwasha gari saa kumi na moja asubuhi na watoto wawili kwenda kutafuta maua.

Matembezi ya Njombe mjini sio mengi kwa kweli. Kuna maporomoko ya Luhuji pembeni ya mji, kuna mashamba ya chai upande wa Kibena na Luponde yamelala kama mkeka, kuna misitu ya miwati, na kuna simulizi za Nyumba Nitu, ule msitu wa jadi wa Wabena, ambazo ukimpata mzee anayezijua utasahau muda. Basi. Uzuri wa Njombe uko nyumbani, jikoni. Kuanzia saa kumi na mbili jioni familia nzima inahamia jiko la nje, kuni za miwati zinawaka, viazi vimefukiwa kwenye majivu, makande yako kwenye chungu tangu mchana, bibi amekaa kwenye kigoda chake na kila anayeingia anasema "Kamwene" anapewa nafasi kwenye moto. Hakuna tivii. Watoto wangu wamejifunza Kibena hapo kuliko miaka yote ya kuambiwa na baba yao kwenye simu. Kama huna ndugu Njombe na utalala gesti, hicho kitu hukipati, na hapo naona Lushoto inaizidi Njombe mbali sana kwa familia ya wageni, ina gesti za kila bei, hosteli za misheni, na waongozaji waliozoea wageni wenye watoto.

Sasa naomba hili lisomwe na kila mtu hata kama mengine mnaruka. Moto wa jikoni nje ni moto wa jikoni nje. Jiko la mkaa lisiingie chumbani mnapolala, Njombe wala Lushoto wala popote. Miaka mitano iliyopita tulilala njiani kwenye gesti moja, baridi kali, mhudumu kwa huruma yake akatuletea jiko la mkaa umeshakolea, hauna moshi, akaliweka kona ya chumba akafunga dirisha. Mkaa ulioiva unaonekana safi lakini unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni, na mtu aliyelala haamki kwa kukohoa kwasababu hakuna kinachomkera. Mimi niliamka saa nane usiku kichwa kinagonga, nikasikia mtoto mdogo anatapika amelala chali, mkubwa nikimuita haitiki vizuri. Mume wangu alifungua mlango na dirisha tukawabeba nje kwenye baridi ile ile tuliyokuwa tunaikimbia. Walizinduka, tukaenda hospitali, Mungu ni mwema. Tangu siku hiyo nikifika sehemu yoyote kitu cha kwanza nasema jiko lisiletwe, ongezeni blanketi. Chupa ya maji ya moto uliyoizungushia kitenge miguuni inatosha, na watoto wawili kitanda kimoja wanapashana joto.

Upande wa afya kwa ujumla: Njombe ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, usiku mbu huwaoni, hilo ni pumziko kwa mama wa Dar. Lakini vifua vipo. Mtoto mwenye pumu hewa kavu ya baridi na moshi wa kuni vinamsumbua, na pampu yake isikae kwenye begi la gari ikae mfukoni kwa mama. Popote mtakapokuwa, mtoto akianza kupumua haraka haraka na mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, hiyo sio mafua ya kumpa tangawizi, ni hospitali muda huo huo.

Kuoga pia kunataka akili. Lushoto maji ya moto jioni kama kawaida ni sawa. Njombe sisi tumeacha kuwaogesha jioni, tunawaogesha saa nane mchana jua likiwa kali, maji yamechemshwa, wakitoka wanapakwa mafuta ya mgando mwili mzima mpaka midomo na visigino, maana ngozi ya pwani ikikutana na ule ukavu inapasuka ndani ya siku mbili. Nguo usinunue koti moja zito la bei, nunua nyepesi nyingi za kuvaa juu kwa juu, fulana, shati, sweta, alafu koti la kuzuia upepo, mtoto anavua anavaa kadri jua linavyokwenda. Soksi pea tatu kila mtoto. Mzula unaofunika masikio. Mtumba wa Karume mwezi wa tano bado bei nzuri kabla watu hawajakumbuka baridi.

Kwahiyo mtu akiniuliza nauliza kwanza una siku ngapi. Siku tatu nne, usihangaike na Njombe, siku mbili zote zitaishia barabarani na watoto watafika wamechoka, nenda Lushoto. Una watoto chini ya miaka mitatu, Lushoto, pamoja na shida ya kukausha nguo. Una mzee unasafiri naye, mwenye miguu inayouma, hapo niko katikati, Lushoto ni karibu lakini ni ya kupanda na kushuka, Njombe mjini kuna tambarare kidogo ila baridi yake inaingia kwenye magoti, mimi mama yangu nampeleka Lushoto kwasababu ni kwao. Una siku kumi na zaidi, watoto wa miaka sita kwenda juu, na una ndugu au rafiki wa kuwapokea nyumbani kwake, nenda Njombe bila kufikiria mara mbili. Na kama mwaka huu hela haipo usijisikie vibaya, Dar ya kipupwe ni Dar nzuri kuliko miezi yote, jioni haichomi, mnaweza kutembea ufukweni na mihogo ya Coco, na mwisho wa mwezi wa sita Sabasaba inafunguliwa, watoto wanashinda huko siku nzima bila kuunguzwa na jua.

Sisi mwaka huu ni zamu ya Njombe, mama mkwe ameshapiga simu mara mbili anauliza tunafika lini ili aache viazi vingine shambani visivunwe mpaka watoto waje wavichimbe wenyewe. Safari hii amepanda vyote juu mteremkoni. Nimeshapata mizula miwili Karume, ya mkubwa na ya wa kati, bado ya mdogo, na kijana ameomba tubebe lensi ya kukuzia akaiangalie ile chumvi kwa karibu kabla jua halijafika bustanini.